Mwanasesere Aliyeinamisha Kichwa

Duka nililokuwa nafanya kazi pale Ngaramtoni liliuza chaja, betri za simu na muvi. Muvi haziuzwi kwa diski siku hizi. Mteja anakuja na flashi yake, anakaa kwenye kiti cha plastiki, mimi namjazia anachotaka. Siku ya soko, watu waliposhuka kutoka mashambani na mabomani, foleni ilifika mpaka kwa jirani yetu muuza viatu vya mitumba. Swali la wote lilikuwa moja: "Imetafsiriwa?"

Maana yake, je, kuna DJ aliyeingiza sauti yake juu ya picha, akaeleza kwa Kiswahili nani anamtaka nani na kwa nini yule kachukua bastola. Wengi wa wateja wetu walisema Kimaa nyumbani na Kiswahili sokoni. Wengine walikuwa Wameru. Bosi mwenyewe alikuwa Mchaga, na tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa karibu wenye maduka wote wa Kichaga Arusha nzima. Bila DJ, muvi ya Kikorea ilikuwa kelele tu. Mimi niliona kazi yangu ni kuuza maneno, picha zikitolewa kama nyongeza.

Sikukaa shule. Niliachia kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimefua mashuka ya hoteli. Nimechuma kahawa. Nimebeba mizigo ya watalii kupanda Mlima Meru mpaka magoti yakakataa. Kila mahali niliondoka kwa sababu ileile: nikishaelewa jinsi kazi inavyokwenda, miguu inaanza kuwasha. Mama yangu husema alinizaa njiani akitoka kuchota maji, kwa hiyo nisilaumiwe. Baba alikuwa hasemi kitu. Aliniangalia nikifunga begi, akaenda zake kwa ng'ombe.

Kwenye kompyuta ya duka kulikuwa na kabrasha moja lisilo na jina, lililokuja pamoja na muvi ambazo Mangi alizichukua kwa jumla mjini. Hakuna aliyewahi kuliomba. Siku moja kompyuta ilijaa, Mangi akaniambia, "Futa hilo, dada. Ni katuni za mabubu, zinakula nafasi bure."

Nikasema sawa. Lakini mimi siwezi kufuta kitu sijakiona. Nikafungua.

Zilikuwa katuni fupi, nyingine huisha kabla chai haijapoa, na kweli hakuna aliyesema neno. Zilitoka nchi mbalimbali, ila sikuweza kujua nchi gani, kwa sababu hakukuwa na lugha ya kuzitambulisha. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya kobe wa udongo anayejaribu kuvuka barabara. Hayo tu. Kobe anavuka, gari linapita, kobe anarudi. Nikaangalia kwanza kwa dharau. Halafu nikaona kitu mgongoni kwake. Nikasimamisha picha, nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Ilikuwa alama ya kidole gumba.

Nikaiendesha tena polepole. Alama ile haikukaa palepale. Ilihama, ikapotea, ikatokea nyingine shingoni. Ndipo nikaelewa jinsi inavyofanyika: mtu amemweka kobe mezani, akampiga picha, akamsogeza kidogo kwa kidole, akapiga tena, akamsogeza tena, siku nzima labda, ili mimi nione kobe akitembea hatua chache. Katika kila picha mkono ulikuwa umetoka sekunde hiyo hiyo. Sijui niseme vipi furaha niliyoipata. Muvi za bastola ni laini, huoni mtu alipoishika. Hizi zilikuwa zimeshikwashikwa kama ukuta wa nyumba iliyokandikwa kwa mikono.

Sikulifuta kabrasha. Nilifuta muvi za mieleka, Mangi akanuna juma zima.

Bila shaka nilitaka kujaribu mwenyewe. Udongo wa mtaro wa Ngaramtoni ulipasuka kabla sijamaliza miguu ya mbuzi wangu. Nikahamia kwenye waya wa kufungia, sponji niliyoiomba kwa fundi wa makochi, na vipande vya shuka kuukuu. Nikatengeneza mbuzi, halafu mzee mwenye fimbo. Nilivipanga juu ya kaunta wakati hakuna wateja, simu ikiegemea kopo la chumvi, nikasogeza na kupiga, nikasogeza na kupiga. Wingu likipita juu ya Meru, mwanga unabadilika, na kwenye picha mzee wangu anaonekana kama anapigwa na radi. Inzi mmoja ameigiza humo bila malipo.

Mama wa mbogamboga aliyeuza mbele ya duka alinitazama siku mbili tatu, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, unacheza na wanasesere kwa umri huo?"

"Natengeneza sinema, mama."

"Ndiyo maana hujaolewa. Mwanaume akija anakuta bibi mzima anamvalisha mbuzi nguo."

"Siyo nguo, ni ngozi yake."

"Haya. Ngozi ya shuka." Akamwita mwenzake aje naye acheke.

Lakini nilipoanza kuziweka zile katuni kwenye televisheni ya duka, watu wakisubiri zamu, huyohuyo alihamisha ndoo yake ya nyanya ili aone vizuri. Na hakuna aliyeuliza kama zimetafsiriwa. Mzee mmoja wa kutoka bondeni na mama mmoja wa Kichaga waliwahi kubishana mpaka foleni ikavurugika: mzee anasema kobe ni mjinga, mama anasema kobe ana mtu anamsubiri ng'ambo, hamwoni anavyoangalia? Kila mmoja alikuwa DJ wake mwenyewe.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanasesere wa sufu, mwenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Amebeba kaa la moto ndani ya mkebe. Nje ni kweupe, theluji ya pamba, upepo unavuma, anapanda kilima kwenda kwenye nyumba isiyo na moshi. Njiani kaa linafifia. Anafika, anaingia, anaweka mkebe chini mbele yetu, na anainamisha kichwa aupulize. Kamera iko chini pale pale, kwa hiyo kichwa kinatujia sisi, utosi wote, unaona nyuzi za sufu zinavyotetemeka kwa kuguswa. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu kaa linawaka. Basi, imekwisha.

Nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu yangu. Ilikuwa humo kaka aliponipigia kuniambia baba ameanguka zizini.

*

Kwetu ni Oldonyo Sambu, upande ule wa mlima ambako mvua huja ikiwa imechoka. Nilikuta baba amesharudishwa kutoka hospitali. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, mkono, mguu na pembe ya mdomo. Na maneno yamekwenda. Daktari alimwambia kaka kwamba huenda anasikia, huenda maneno yanamfikia yamechanganyika, hajui. Kuna mazoezi, yafanyike kliniki mjini, na subira.

Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao chenye mito, mlangoni, ili aone zizi. Nilisimama mbele yake nikasema, "Shikamoo baba."

Aliniangalia. Halafu akaangalia pembeni.

Wote walimsalimia hivyo. Majirani, wazee wa kanisa letu la Kilutheri, watoto wa kaka waliokuja kutoka mjini na kaptula zao safi. Shikamoo babu, shikamoo mzee. Wanasubiri kidogo, marahaba haiji, wanamgeukia mama: "Pole sana, yeyo." Sisi humwita mama yeyo, hata wageni. Halafu wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba kiti kile kina mito tu. Mimi pia nilifanya hivyo. Na kila mgeni alipoingia, baba aliuficha mkono wake mzima, wa kushoto, chini ya blanketi. Tulidhani anasikia baridi.

Kaka alijaribu. Alileta redio, baba akafumba macho. Mwinjilisti alikuja kusoma neno kwa Kimaa, baba akageuza uso ukutani. Baada ya wiki kadhaa kaka alitukalisha mimi na yeyo nje, karibu na tangi la maji. Kaka ni mtu mwema. Ni fundi umeme, anaishi Elerai, mjini Arusha, na alikuwa anapanda na kushuka barabara ya Nairobi kila alipopata nafasi mpaka macho yamekuwa mekundu.

"Nimeshaamua," alisema. "Jumamosi nakodi gari la Noah, namchukua. Atakaa kwangu, karibu na kliniki. Ng'ombe tuuze. Nani atawachunga? Huyu?" Alinielekezea kidevu. "Huyu wiki ijayo yuko Mwanza."

"Umemuuliza?" yeyo akasema.

"Nani?"

"Mwenye ng'ombe."

Kaka akashika kichwa. "Yeyo, namuulizaje mtu asiyejibu? Baba hajui alipo. Akiwa hapa, akiwa Elerai, kwake ni sawasawa."

"Kama ni sawasawa, mwache hapa."

"Yeyo!"

"Angekuwa hajui alipo asingeangalia zizi."

"Anaangalia zizi kwa sababu ndiko kiti kilikoelekezwa!"

Mimi nilidhani kaka ana haki. Kama baba hayupo, basi ni mwili wa kutunza, na mwili unatunzwa vizuri zaidi karibu na daktari. Lakini kama yupo, basi tulikuwa tunataka kumchukua mzee mzima kutoka bomani kwake na kuuza mifugo yake mbele ya macho yake, bila hata kumwomba ruhusa. Hakuna aliyejua ni lipi. Jumamosi ilikuwa karibu.

*

Nilipewa kazi ya kukaa naye mchana, yeyo akienda shamba. Mimi kukaa ni adhabu. Nilipanga wanasesere wangu dirishani, nikawapangua. Mchana mmoja nilichomoa simu, nikaweka ile ya kaa la moto, nikaishika mapajani nikaangalia peke yangu.

Nilihisi kabla sijaona. Baba alikuwa amegeuza shingo.

Hakugeukia redio, hakugeukia mwinjilisti. Sasa alikuwa anaangalia mkebe wa moto ukipanda kilima. Nikasogeza kiti, nikaishika simu mbele yake. Aliangalia kama anavyomwangalia mbwa anayekaribia ndama, macho madogo, bila kupepesa. Mwanasesere akafika, akaweka mkebe, akainama. Mkono wa kushoto wa baba ukatoka chini ya blanketi, ukaja mpaka kwenye kioo, kidole kikagusa. Picha ikasimama. Simu ndivyo zilivyo, ukigusa katikati inasimama.

"Usiguse kioo, baba," nilisema. Nikafikiri amechoka, anaikataa. Nikaizima.

Akatoa sauti. Siyo neno, sauti tu, ya mtu aliyekatizwa.

Nikaiweka tena, tangu mwanzo. Kilima, upepo, mlango, mkebe, kichwa. Kidole kikaja. Picha ikasimama.

Kaka alipopiga simu jioni nilimweleza. "Ni mshtuko wa misuli," akasema. "Daktari alinionya. Usianze kujipa matumaini, dada, utaumia." Inawezekana, nikafikiri. Kesho yake nikajaribu ya kobe. Kobe akavuka, akarudi, akavuka. Baba aliangalia yote, na mkono wake haukutoka. Nikajaribu nyingine ya kijiko na sufuria wanaogombana. Pembe nzima ya mdomo wake ikapanda kidogo, lakini mkono haukutoka. Nikarudi kwenye ile ya moto. Mwanasesere akainama, mkono ukatoka.

Nikaiacha picha imesimama. Mimi nimezoea kusimamisha picha; ndivyo nilivyojifunza yote ninayoyajua. Nikaangalia kidole chake kilikuwa kimegusa wapi. Hakikugusa mkebe. Hakikugusa kaa. Kilikuwa kimetua juu kabisa ya kichwa kile kikubwa cha sufu, na kilikuwa bado kipo hapo, kimetulia, hakitetemeki.

Yeyo aliingia na kibuyu cha mtindi, maana alikuwa anataka kutukorogea loshoro, chakula chetu cha mahindi na mtindi. Akasimama nyuma yetu akachungulia juu ya bega langu.

"Huyo mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Si mtoto, yeyo, ni mwanasesere. Anataka kupuliza moto."

"Moto gani? Mtoto kaingia ndani, kakuta mzee, kainamisha kichwa." Akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. "Na baba yako kampokea salamu. Hata sanamu lina adabu kuliko ninyi mnaosimama mlangoni na shikamoo zenu."

Nilikaa pale nikiwa na simu mkononi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Kwetu mtoto hamwamkii mkubwa kwa maneno. Unamwendea, unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja utosini. Husemi kitu. Nilifanya hivyo utoto wangu wote, kwa kila mzee wa boma hili, mpaka shule ikanifundisha shikamoo na mji ukaninyoosha shingo. Tulikuwa tumesimama mbele ya mtu asiye na maneno, tukimtupia neno, tukisubiri neno lirudi, na lisiporudi tukasema hayupo. Yeye alikuwa anasubiri vichwa.

"Lakini mbona mimi hajawahi kunigusa?" niliuliza. "Hata nilipomwinamia kumfunga viatu."

Yeyo alimwangalia baba kabla ya kunijibu, kama anaomba ruhusa ya kusema jambo lake. "Mkono gani?" akasema. "Wa kulia umekufa. Unataka abariki mtoto wake kwa mkono wa kushoto? Huyo wa kwenye simu si mtu, hawezi kuudhika."

Kumbe ndiyo maana aliuficha chini ya blanketi. Haikuwa baridi. Ilikuwa heshima yake kwetu.

Sikumwinamia siku hiyo. Nilitamani, ila niliona nikifanya hivyo namlazimisha. Nilibonyeza tu simu, picha ikaendelea. Kwa kuwa kila mara picha ilisimama alipogusa, yeye alikuwa hajawahi kuona mwisho. Mwanasesere akapuliza, kaa likawaka, mwanga mwekundu ukajaa kioo na usoni kwa baba. Yeyo akasema, "Aa, kumbe alikuwa na moto kweli," na akaenda kukoroga.

*

Jumamosi Noah ilikuja na vumbi lake, godoro limeshatandikwa nyuma. Sikumweleza kaka kwa simu. Angeniambia habari za misuli. Nilikuwa na hofu kuliko nilivyowahi kuwa juu ya mlima. Vipi kama ni mimi na yeyo tu, tumeona tulichotaka kukiona?

Kaka alisimama mlangoni. "Shikamoo baba."

Baba akaangalia pembeni. Mkono chini ya blanketi.

"Siyo hivyo," yeyo akasema. "Kwa kichwa."

"Yeyo, jamani, dereva anasubiri."

"Dereva ana kichwa chake. Lete chako."

Kaka ni mtu mkubwa, ana kitambi. Alipiga magoti kwa shida mbele ya kile kiti, akiguna, funguo zikilia mfukoni, akainamisha kichwa. Nadhani alifanya ili tu yeyo aridhike. Niliuona mkono wa kushoto ukitoka chini ya blanketi, ukafika nusu, ukasimama hewani, ukarudi. Kaka akaanza kuinuka.

"Tulia," nikamwambia.

Baba alikuwa anafanya kitu. Kwa mkono wake wa kushoto alikuwa ameshika kifundo cha ule wa kulia uliokufa, anaunyanyua kutoka mapajani. Ulikuwa mzito. Uliteleza mara moja, akaushika upya kwenye mkono wa koti. Akaupandisha taratibu, kama mtu anayetoa ndoo kisimani na hataki kumwaga, akauleta mbele, akautua juu ya kichwa cha mwanawe. Vidole vikamwangukia kaka sikioni, havina nguvu. Baba akavirekebisha kwa ule mkono mwingine, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikakaa utosini sawasawa.

Kaka hakusogea. Niliona mgongo wake ukitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote.

"Mzito, baba," alisema kutoka kule chini. "Mkono wako ni mzito."

Baba akatoa ile sauti yake.

Kisha ikawa zamu yangu. Sitaandika sana juu ya hapo. Mkono ulikuwa na baridi na harufu ya blanketi, na nilitamani niendelee kupiga magoti pale mpaka miguu ife ganzi, mimi ambaye siwezi kukaa.

Basi sasa ilibidi aulizwe. Kaka alianza kwa maneno, Kimaa kwanza, Kiswahili baadaye, Elerai, kliniki, ng'ombe, na nikaona macho ya baba yakianza kukimbia kama yalivyokimbia redio. Nikasema, "Subiri." Nikatoa wanasesere wangu dirishani: mzee wa waya mwenye fimbo, na mbuzi. Nikaweka ubao wa kukatia mboga juu ya mapaja ya baba. Upande mmoja nikamweka mbuzi, nikaelekeza kidole zizini. Upande wa pili nikaweka boksi la sabuni, nikaelekeza kidole kwenye boksi, nikaelekeza kwenye Noah nje. Mzee wa waya nikamsimamisha katikati, nikarudisha mikono yangu.

Kaka akanong'ona, "Dada, huu ni mchezo wa watoto."

"Nyamaza uone," yeyo akasema.

Baba aliutazama ubao muda mrefu. Mkono wa kushoto ukamshika mzee wa waya. Akamsogeza kidogo, akaacha, akamsogeza tena kidogo, jinsi ileile mimi ninavyofanya kwenye kaunta. Alikuwa anampeleka kwenye boksi. Nikasikia yeyo akivuta pumzi. Mzee wa waya akafika, akagusa boksi. Kaka akashusha mabega, nusu kwa huzuni, nusu kama mtu aliyepewa haki yake.

Lakini mkono haukuachia. Ukamzungusha mzee wa waya, na kwa kusogeza kulekule kidogo kidogo ukaanza kumrudisha, mpaka kwa mbuzi. Ukamsimamisha pale. Fimbo ilikuwa imepinda, baba akainyoosha. Ndipo akaachia.

Hakuna aliyehitaji DJ.

"Aende na arudi," kaka akasema polepole. "Kliniki aende. Na arudi." Alimwangalia baba. "Na mbuzi yupo. Maana yake ng'ombe wasiuzwe." Baba akaweka kidole juu ya kichwa cha mbuzi, akakiacha hapo.

"Mungu wangu," kaka akasema, akakaa chini kwenye sakafu, funguo, kitambi na yote. "Mungu wangu asante. Nilikuwa namzika mtu mzima yuko hai." Na sura yake, ambayo kwa wiki zile ilikuwa kama mlango uliofungwa na kofuli, ilifunguka, akaonekana kijana tena. Nadhani alikuwa amechoka zaidi kwa kuamua peke yake kuliko kwa barabara. Sasa alikuwa na baba wa kumuuliza.

Walikwenda kliniki siku hiyohiyo, kwa vile gari lilikuwepo, na walirudi jua bado halijazama. Ng'ombe tulipanga mtoto wa jirani awachunge pamoja na wa kwao. Godoro lilibaki kwetu, na yeyo alilipiga vumbi huku akilalamika kwamba watu wa Elerai hawajui kufunika vitu.

Mimi sikwenda Mwanza. Nitakwenda, najijua, lakini bado. Nilimwambia Mangi nitarudi nikiweza, akasema nisirudi na mbuzi. Mchana baba na mimi tunatengeneza ng'ombe. Mimi nakunja waya, yeye anafunga vitambaa kwa mkono mmoja na meno. Pembe zangu hazimridhishi, huzikunjua na kuzikunja upya. Tukishapanga, mimi napiga picha na yeye ndiye anayesogeza, na ana subira kunishinda. Jana ng'ombe wetu wa kwanza alitembea kutoka upande mmoja wa ubao mpaka mwingine. Yeyo aliitwa aje aone. Aliangalia mpaka mwisho, akaomba irudiwe, halafu akauliza huyo ng'ombe anakwenda wapi mbona hana ndama.

Baba akamwangalia, akanyoosha mkono kuchukua waya.